Ijumaa Tisa Kwenye Uzio wa Koko Estera

Kila Ijumaa, kabla ya saa nane mchana, harufu ya mkate ilivuka uzio na kuingia kwetu bila kupiga hodi. Haikuwa harufu ya mkate wa dukani, ule unaokaa wiki nzima ndani ya mfuko bila kubadilika. Ilikuwa harufu ya unga uliokandwa kwa mayai na asali kidogo, na juu yake ufuta uliokuwa unaanza kugeuka rangi ndani ya oveni. Mimi nilikuwa chumbani mbele ya kompyuta ya shule, mwalimu akieleza hesabu za sehemu, nusu ya darasa wamezima kamera na kurudi kulala, na harufu ile ikinifikia nilijua wiki imekwisha. Yalikuwa majira ya baridi ya mwaka wa pili wa korona, na sisi watu wa Fairfield tulifungiwa kuliko wenzetu wengi wa Sydney. Saa tano asubuhi wakubwa walitokea kwenye televisheni kutusomea idadi ya wagonjwa, na jioni helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa yetu kana kwamba tumeiba kitu. Hata hivyo nasema bila aibu kwamba sikumbuki majira niliyoyapenda kama yale. Watu wakinisikia hushangaa, lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na pengine hujui joto lake pia.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nusu, na ile nusu niliitaja kwa kila aliyeuliza. Tulikuwa na mwaka wa nne tangu tufike Australia kutoka Bukavu kwa njia ndefu ya kambini. Baba alifanya kazi kwenye ghala moja la Wetherill Park, na kila baada ya siku tatu alipanga foleni achomwe kijiti puani ili aruhusiwe kwenda kazini. Mama alihudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Huko aliwaogesha, akawalisha, akawashikia simu waongee na watoto wao waliozuiwa kuingia, kisha akarudi nyumbani kutuuliza kama tumekula. Mama yangu alikuwa na jeraha moja ambalo halikutoka vitani. Alisema tangu tufike nchi hii hakuna mtu aliyewahi kuingia nyumbani kwetu bila kwanza kutuma ujumbe wa simu. Kwao, alisema, chungu hupikwa kikiwa na nafasi ya mtu asiyejulikana. Huku alipika kwa kuhesabu vichwa, na jambo hilo lilimuumiza kuliko baridi. Watu walipoanza kulalamika kwamba korona imefunga milango, yeye alicheka kwa uchungu na kusema milango hiyo yeye aliikuta imefungwa.

Upande wa pili wa uzio aliishi bibi mmoja Myahudi, mjane, mwembamba, mwenye miwani mikubwa kuliko uso wake. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa makochi, mwenye karakana palepale Wetherill Park, na kwa ajili hiyo walihamia upande wetu wa mji, mbali na mitaa ya karibu na bahari wanakoishi Wayahudi wengi. Mume alipofariki, mwanawe alimwomba mama yake ahamie kwake, naye akakataa kwa kuwa malimau yake yalikuwa yanazaa vizuri. Alituambia tumwite Esther tu, kama desturi ya huku. Mama alishtuka kama aliyeambiwa amvue mzee viatu barabarani. Nyumbani kwetu mtoto hamwiti mzee kwa jina tupu, kwa hiyo akawa Koko Estera, na koko kwetu ni bibi au babu. Alipoelezwa maana yake alisema basi ni sawa.

Ijumaa ya kwanza ya kufungiwa, Koko Estera aliniita penye ubao wa uzio uliong'oka, akanipitishia mkate mzima kwenye mfuko wa karatasi, bado moto. Ulikuwa umesukwa kama nywele zangu za Jumapili. Alisema kwao siku ya kupumzika haianzi bila mkate na bila wageni, na kwa kuwa mwaka huu wageni wamekatazwa, basi mkate utakwenda kwa wageni. Nilipoufikisha jikoni, Mama aliushika kwa mikono miwili, akaugeuzageuza, akauliza ni nani huyo anayesuka mikate. Kisha akakaa kwenye kiti akiwa bado amevaa sare ya kazi. Siku ile ile, kwenye foleni ya duka, mwanamke mmoja aliiona ile sare akasogea nyuma hatua nyingi na kufunika barakoa yake kwa mkono, na Mama alikuwa amerudi na macho mekundu. Sasa alikuwa na mkate wa jirani mapajani. Aliukata tukaula bila siagi, akauonja polepole, halafu akainuka na kuteleka sufuria.

"Chombo cha mutu hakirudi tupu," alisema, ingawa mkate ulikuja kwenye karatasi.

Alipika maharage kwa vitunguu na mafuta ya mawese, mengi ya kulisha watu wanne, akanituma nayo kwenye uzio. Hapo ndipo kosa langu lilipoanza. Koko Estera aliipokea sufuria, akainusa, akafumba macho. Kisha akanieleza taratibu, kwa Kiingereza cha kumrahisishia mtoto, kwamba anamshukuru sana mama yangu, lakini dini yake ina sheria za chakula, na hawezi kula kilichopikwa kwenye vyombo vya jiko jingine. Kwake vyombo vya nyama na vya maziwa havikutani hata kabatini. Alisema nimwambie Mama kwamba tunda au mboga mbichi angelipokea kwa furaha, na kwamba maharage haya, kama Mama ataridhia, atampa jirani yake wa upande wa pili, mama mmoja kutoka Iraki mwenye watoto wanne, ambaye mumewe alikuwa mjenzi na kazi za ujenzi zilikuwa zimesimamishwa. Nilielewa kila neno. Nilirudi jikoni, nikamkuta Mama amesimama mlangoni akijifuta mikono kwa kanga, uso wake umekunjuka jinsi ambavyo sikuuona kwa miezi mingi.

"Ye alisema nini?" aliuliza.

Nilimjibu kwa Kiingereza, kama tulivyozoea kuwajibu wazazi wetu, kwamba amesema asante sana, na kwamba anakipenda chakula chako.

Neno la pili halikuwa uongo mtupu, nilijiambia. Alikuwa amefumba macho. Watu husema mjumbe hauawi, lakini hawasemi afanywe nini mjumbe anayefika na ujumbe wa kwake mwenyewe. Sikudanganya kwa kuogopa fimbo. Nilidanganya kwa sababu Mama alikuwa anaimba akiosha vijiko, na mimi nilikuwa na uwezo wa kumwacha aendelee kuimba. Watoto wa wahamiaji tunajua uwezo huo. Tunasimama kati ya watu wazima wawili, na wote wawili hutegemea mdomo wetu, na hakuna mtu duniani mwenye mamlaka makubwa namna hiyo akiwa bado anaambiwa saa ya kuoga.

Ikawa kila Ijumaa mkate unavuka huku, sufuria inavuka kule. Samaki wa kukaanga, sombe, ndiyo kisamvu, ndizi, wali wa karanga. Koko Estera aliamini Mama ameridhia, tena alimsifu kimoyomoyo kwa kumlisha mtu asiyemjua. Mama aliamini anamlisha Koko Estera. Sufuria ilirudi Jumapili ikiwa imesuguliwa mpaka inang'aa, na ndani yake malimau matano au sita. Mama aliyapanga dirishani akisema huyu bibi amelelewa, kwa kuwa anajua chombo hakirudi tupu. Aliniuliza kama Koko alipendelea pilipili, nikasema kidogo. Aliuliza kama meno yake yanaweza karanga, nikasema ameomba zisagwe. Uongo wangu ulianza kuwa na tabia zake na mapishi yake. Njia ya mwongo ni fupi, walikuwa wakitufundisha kanisani, lakini yangu ilikwenda Ijumaa nane nzima.

Iliishia kando ya barabara. Mama alikuwa anatoka kazini, akasimamishwa na yule mama Mwiraki aliyekuwa na mtoto mgongoni. Kiingereza cha wote wawili kilikuwa cha kuunga kwa mikono. Mama yule alionyesha nyumba yetu, akaonyesha mdomo wake, akahesabu watoto wake wanne, akaweka mkono kifuani na kuinama. Alisema samaki, akasema kila Ijumaa, akasema asante. Mama alitabasamu, akaingia ndani, akakaa kwenye kiti kilekile cha siku ya mkate wa kwanza.

"Siku zote hizi nilikuwa napikia nani?" aliuliza, na hakuwa ananiuliza mimi.

Hakuchukia kwamba chakula kilimfikia mwenye njaa. Hilo alilisema mara mbili. Kilichomuumiza ni kwamba bibi yule alimchekea juu ya uzio, akamtumia salamu za pilipili na karanga, kumbe kijiko hakugusa. Aliona ni kama yule mwanamke wa foleni aliyesogea nyuma, tofauti ni kwamba huyu alisogea kwa adabu. Nami nilikaa mita mbili kutoka kwake nikiujua ukweli, na mdomo wangu uliozoea kuongea kwa niaba ya watu ulimuuliza tu kama niteleke chai. Ijumaa iliyofuata, harufu ilipovuka, Mama hakuteleka kitu. Aliniambia niende uzioni niseme: asante, sisi tumeshiba, asisumbuke tena na mkate.

Nilikwenda. Koko Estera alikuwa tayari amesimama pale, mfuko wa karatasi mkononi, miwani imeingia ukungu wa mkate. Nilifungua mdomo kutamka ujumbe ule, na nikaona kabisa kitakachofuata: huyu atarudi ndani akidhani amekosea jambo asilolijua, yule jikoni atabaki akidhani amedharauliwa, na ubao ule uliong'oka utapigiliwa misumari. Nikalia. Nikamwambia yote, kuanzia maharage. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Mama yako alidhani mimi nakula?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Ijumaa zote tisa?"

"Nane," nilisema. "Leo hajapika."

Aliuweka mfuko juu ya nguzo ya uzio, akachukua fimbo yake, akavaa barakoa, akatoka kwa lango la mbele. Hakuwa mtu wa kwenda haraka, nyonga yake ilikuwa mbovu, lakini siku ile alizunguka barabarani kwa kasi hata mimi niliyepitia uani nilimkuta tayari getini kwetu anahema. Mama alitoka barazani. Wakatazamana, mmoja juu ya ngazi, mwingine chini kwenye majani, na mimi katikati, maana nani mwingine angetafsiri? Ndiyo adhabu niliyopewa bila mtu kuipanga: nilitafsiri kosa langu mwenyewe, neno kwa neno, kwa sauti, upepo wa Agosti ukinipiga masikioni.

"Mwanao hakukosa peke yake," Koko Estera alisema, nami nikasema. "Neno lile lilikuwa langu, nikamtuma mtoto. Kwetu tunafundishwa kwamba Ibrahimu alikuwa mzee tena anaumwa, lakini alipowaona wageni njiani hakumtuma mtumishi. Alikimbia mwenyewe. Mimi kufika kwako ni hatua ishirini, na sikuja."

Mama alimjua Ibrahimu vizuri kuliko alivyowajua majirani wa mtaa wetu. Nilimwona anasikiliza kwa namna nyingine. Lakini alikuwa na swali lake, na akaniamuru nilitafsiri jinsi lilivyo, bila kulivika nguo.

"Muulize, miye niko muchafu?"

Sikutaka kulisema. Nililisema. Koko Estera alishika nguzo ya baraza kwa mkono wake usio na fimbo.

"Mwambie nina mtoto mmoja tu duniani, nimemzaa mwenyewe," alisema, "na nyumbani kwake sili hata yai. Hatengi vyombo. Nikienda kumtembelea nabeba chakula changu kwenye kikapu."

"Hata kwa mutoto wake?" Mama aliuliza, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ililegea. "Maskini. Huyo kijana anaishi vipi?"

"Na mwambie pia," Koko Estera aliendelea, "sheria imenifunga mdomo, haikunifunga pua. Ijumaa nane nimebeba sufuria zake kutoka uzioni mpaka kwa jirani nikiwa nanusa njia nzima. Yeye ndiye anayepaswa kuniomba radhi."

Nilipomaliza kutafsiri hilo Mama alicheka. Alicheka akiwa ameshika tumbo, akakaa kwenye ngazi, akacheka tena, na Koko Estera pale chini alicheka ndani ya barakoa mpaka miwani ikaingia ukungu upya. Mimi sikucheka. Nilijua zamu yangu inakuja, na ilikuja. Mama hakunipiga. Jioni ile aliniweka mbele yake, akaniambia kwamba mimi nilitaka kumlinda, na kwamba anajua, lakini aliyemzuia mtu asijue ukweli amemfanya mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ningependelea fimbo.

Mwezi uliofuata ulileta sikukuu yao ya vibanda. Kila mwaka Koko Estera alisimamisha kibanda uani, kuta za mbao na turubai, paa la matawi yaliyoachwa na nafasi ili mtu aone nyota, na kwa siku saba chakula huliwa humo. Kula humo peke yako, alisema, ni kutimiza nusu. Kwao hata dua nyingine hazisomwi mpaka wafike watu kumi, kwa kuwa mtu mmoja hata awe mtakatifu vipi hajawa jamii. Sasa sinagogi limefungwa, mwanawe yuko mbali kuliko zile kilomita tano ambazo amri haikuturuhusu kuzivuka. Serikali ilikuwa imeanza kuruhusu watu wachache waliochanjwa kukutana nje. Akampigia simu mwalimu wake wa dini kumuuliza jambo, kisha akaja mwenyewe getini kutupa jibu: sufuria iwe yake, mafuta yawe yake, moto auwashe yeye kwa mkono wake, halafu mama yangu apike anavyojua, naye atakula.

Basi siku moja ya katikati ya sikukuu, saa sita mchana, tulibeba majani ya sukuma wiki kutoka bustani yetu. Mbegu zake Mama alipewa na nesi mmoja Mkenya wa kanisani. Kabla ya kupikwa, kila jani lilikaguliwa, maana mdudu naye hakuruhusiwa. Tuliketi uani kwake, Koko Estera na mimi, beseni la maji katikati, tukiinua jani moja moja kwenye jua na kuligeuza. Mama alikuwa akiosha mboga miaka yote na alijiona fundi, mpaka Koko alipompata mdudu wa tatu. Hapo Mama akavuta kiti naye akaanza kukagua. Moto ukawashwa na mwenye moto. Mama akakaanga vitunguu, akasonga ugali kwenye sufuria isiyo yake, akilalamika kwamba ina mpini wa kitoto. Bakuli moja lilipelekwa kwa yule mama Mwiraki kabla hatujaketi. Humo kibandani Koko Estera alitueleza kwamba hema la Ibrahimu lilikuwa na milango pande zote nne, ili mgeni asihangaike kuzunguka akitafuta pa kuingilia. Akasema pia kwamba kila siku ya sikukuu hualikwa wageni wasioonekana kutoka kwa mababu, na wa kwanza wao ni huyo huyo Ibrahimu. Mama aliuliza kama mzee huyo amepata kibali cha kuvuka kilomita tano. Kisha Koko Estera akamega ugali kwa vidole kama alivyoonyeshwa, akachota mboga, akala. Mama hakutikisika mpaka alipomwona amemeza. Sikuhitajika kutafsiri kitu.

Tulipoinuka kuaga, Koko Estera alichukua fimbo yake. Alisema kwao kumsindikiza mgeni ni kukubwa kuliko kumlisha, na anayemwacha mgeni aondoke peke yake amemnyima sehemu iliyo bora. Mama alipiga makofi, kwa sababu hilo halikuwa la kufundishwa mtu wa kwetu Kivu. Wakatoka. Koko alitusindikiza mpaka getini kwetu, na Mama kwa adabu akamsindikiza kumrudisha kwake, na Koko kwa sheria yake akaona hawezi kumwacha mgeni arudi peke yake. Nilisimama getini nikiwahesabu. Walipita mbele yangu mara tano, wameachana mita moja na nusu, mikono inaongea, kila mmoja kwa lugha yake na vipande vya ya mwenzake. Kama polisi angewauliza wangesema wanafanya mazoezi, na angekubali.

Sasa hakuna amri inayomzuia mtu kumtembelea mtu. Ninaishi ghorofani karibu na chuo, watu wanane kwenye korido moja, na nawajua kwa viatu vyao tu. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, walisema wazee, lakini wazee hawakutuambia tufanye nini tukiwa na jirani wa karibu tusiyewahi kumsemesha. Juzi nilikwenda kugonga mlango wa pili na sahani ya mandazi, nikauliza kwanza anakula nini na hali nini. Koko Estera alihamia kwa mwanawe hatimaye, na inasemekana huko jikoni vyombo vimetengwa. Mama humpigia simu kila Ijumaa asubuhi. Kiingereza chake bado ni cha kuunga, masikio ya Koko yamechoka, na simu huchukua saa nzima. Nikiwa nyumbani nasikia wakicheka, mara Mama anapaza sauti kwa Kiswahili, mara Kifaransa, mara lugha ambayo nadhani wameitunga wao. Zamani neno lao lilikuwa halipiti ila kwa mdomo wangu. Sasa nikiuliza wanacheka nini, Mama huniambia hayo ni ya watu wazima, halafu ananigeuzia mgongo ili asikie vizuri.